Shukrani kwa mvuvi wa Dunga

Ndugu yangu mwenye koti la mvua la njano, uliyekuwa ufuoni Dunga, Kisumu, Jumamosi asubuhi: ahsante sana. Furukombe, yule tai mla samaki, alikuwa amenaswa kwenye mafunjo, bawa limesokotwa na wavu wa nailoni uliotupwa, nasi tuliokuja kutazama ndege hatukujua pa kumshikia. Ulivua koti ukamfunika kichwa atulie. Ukaibana miguu kwanza (kucha zile si mchezo), ndipo ukakata uzi mmoja mmoja kwa wembe, bila kung'oa unyoya. Ukawapigia simu maafisa wa wanyamapori, ukawafukuza mbwa hadi gari lilipofika. Hela ya soda ukaikataa! Wavu ukauzoa wote. Wavuvi wengine, mkikuta nyavu mbovu ziwani, tafadhali ziopoeni.