Mpira wa mkojo umeleta mgogoro nyumbani

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mkulima wa alizeti wilayani Kongwa. Binti yangu, mwenye miaka mitatu na nusu, alizaliwa na mgongo wazi: kiunoni palikuwa na uvimbe wenye ngozi nyembamba kama ya kitunguu, uliokuwa ukivuja maji. Pale nilipojifungulia walimfunga bandeji wakasema tusubiri kidonda kikauke, kumbe upasuaji huo hutakiwa kufanyika ndani ya siku mbili au tatu za mwanzo, kabla vijidudu havijapata njia ya kuingia kwenye uti wa mgongo. Tulifika hospitali ya rufaa siku ya kumi na moja, mtoto anachemka homa. Walitibu kwanza maambukizi, ndipo wakauziba mgongo. Baadaye kichwa kilipoanza kukua upesi, akawekewa mrija wa kupeleka maji ya kichwani tumboni.

Namshukuru Mungu, anaongea kuliko kaka yake. Tulielezwa kwamba upasuaji haurudishi mishipa ya fahamu iliyokwisha kuharibika, kwa hiyo miguu yake nimeshaipokea ilivyo. Kinachoninyima usingizi ni mkojo. Humtoka matone matone mchana kutwa, lakini kibofu hakiishi kujaa. Mwaka huu ameugua UTI mara mbili, na muuguzi amenifundisha kumtoa mkojo kwa mpira mwembamba kila baada ya saa nne, kwa kuwa unaobaki huweza kupanda ukaharibu figo.

Mama mkwe, ambaye ndiye ninayemwachia mtoto niendapo shambani, hataki hata kuuona mpira huo. Anasema mtoto wa kike hachokonolewi, ataharibiwa asiolewe. Mume wangu amenyamaza, na kimya chake nakijua. Nilijaribu kurudi nyumbani kila adhuhuri, mwendo wa saa nzima, nikashindwa palizi ilipopamba moto. Juzi nilikuta mpira umetupwa jalalani.

Naomba ushauri. Je, nimwombe mama tuandamane kliniki akaelezwe na muuguzi mwenyewe, au ataona nimekwenda kumshtaki? Mtoto anaweza kufundishwa kujitoa mkojo mwenyewe akifikisha umri gani? Na hadi hapo, kama bibi yake atashikilia msimamo wake, ni salama kumfundisha dada wa jirani mwenye miaka kumi na sita, aliyekwisha kunieleza kwamba yeye haogopi?

Mama wa watoto wawili,
Kongwa, Dodoma