Intani asiachiwe wodi usiku peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako. Kila mwaka wakiingia intani wapya, yaani madaktari waliotoka chuo wanaofanya mazoezi hospitalini, tunasikia wimbo uleule, ooh madaktari wa siku hizi hawajui kitu, wamesomea kwenye simu, enzi zetu sisi tulikuwa hivi na vile. Mimi ni nesi, nimekesha wodini na hawa vijana sana tu, na nasema kusoma wamesoma. Muulize intani sababu za potasiamu kupanda kwenye damu, atakutajia mpaka uchoke mwenyewe. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha wodi inaendeshwaje saa tisa usiku, wagonjwa wamejaa na mkubwa hayupo, alafu akiteleza ndo tunaanza kushangaa.

Kwenye mtihani mgonjwa ni mmoja na maelezo yake yamenyooka. Wodini unaitwa kitanda cha mwisho oksijeni imeshuka, hapohapo kuna mwingine hajakojoa tangu jioni, ndugu wa yule wa mlangoni wanataka kujua hali ya mzee wao, na faili halionekani. Aanze na nani? Hapo anahitaji mtu aliyesimama pembeni yake amwambie dokta, acha hiyo dripu, kamwone kwanza anayehema kwa kasi, na huyo asiyekojoa kabla hujamwandikia dawa yoyote angalia kwanza kama mpira wa mkojo haujaziba. Akiambiwa hivyo usiku mmoja, kesho yake anafanya mwenyewe.

Na kuna vitu vidogo ambavyo vinaweza kuondoka na mtu. Chukua insulini, ile sindano ya wagonjwa wa kisukari. Intani anaandika 4 na mbele yake herufi U akimaanisha yuniti, mwandiko wa haraka, ile U imefunga juu inaonekana kama sifuri, anayekuja kuchoma anasoma 40. Ndo maana tunasisitiza neno yuniti liandikwe lote hata kama una haraka ya namna gani. Kumfundisha mtu hili ni dakika moja tu, ila hiyo dakika lazima kuwe na mtu wa kuitoa.

Kubwa zaidi kwangu ni kupokezana zamu. Utasikia mmoja anaaga, "kuko shwari, ila yule wa kitanda cha sita mwangalie", ashabeba begi keshaondoka. Amwangalie nini sasa? Mwaka 2014 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika kwenye programu 9 za kufundisha madaktari wa watoto Marekani na Kanada, walichofanya ni kuwafundisha kukabidhiana kwa mpangilio mmoja: mgonjwa huyu hali yake ni nzito kiasi gani, historia yake kwa kifupi, nini kimebaki kufanywa, usiku kikitokea hiki ufanye nini, na anayepokea anarudia kwa mdomo wake alichoelewa. Makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23 na hakuna mashine yoyote iliyonunuliwa hapo, ni kuongea tu kwa utaratibu.

Alafu kuna hili la kumpigia simu daktari bingwa usiku, ambalo watu hawapendi kulisema. Intani anapiga, anafokewa, "hilo nalo ndo unaniamshia?" Basi, siku nyingine hapigi, anakaa na mgonjwa anayezidiwa mpaka asubuhi kwa sababu ameshajifunza kwamba kuuliza ni aibu. New York mwaka 1984 alifariki binti wa miaka 18, Libby Zion, akiwa kwenye mikono ya madaktari waliokuwa bado mafunzoni, na kesi yake ndo ilileta kanuni za mwaka 1989 kwenye jimbo lile. Watu wengi wanakumbuka kwamba ziliweka kikomo cha saa 80 za kazi kwa wiki kwa madaktari hao, wanasahau kwamba kanuni hizohizo zilitaka na wakubwa wasimamie. Kupunguza saa ni sawa kabisa, mtu aliyechoka hafikirii vizuri, ila intani aliyelala vizuri na hana wa kumuuliza bado ni hatari.

Uingereza madaktari wapya wanaanza kazi Jumatano ya kwanza ya Agosti, na tangu 2012 wanatakiwa wapewe kabla ya hapo angalau siku 4 za kulipwa za kumfuata nyuma anayeachia ile nafasi, wanajifunza kompyuta ya wodi, fomu za vipimo, nani anapigiwa kwa lipi. Siku nne sio nyingi, ila ni mbali sana na kukabidhiwa koti na rosta asubuhi na usiku wake uko zamu.

Kwa hiyo wakubwa wa hospitali, jina na namba ya bingwa wa zamu vibandikwe pale kaunta ya manesi, na yaandikwe mambo ambayo intani LAZIMA apige, presha ikishuka chini ya kiasi fulani, fahamu ikibadilika, na kadhalika, ili asianze kujiuliza kama anasumbua. Bingwa apite raundi fupi na intani kabla hajaondoka, wagonjwa wazito tu, haina haja ya wodi nzima. Na manesi wenzangu, hii kumwambia kijana wa wiki ya kwanza "wewe ndo daktari, amua mwenyewe" huku jibu tunalijua, tuache.

Nesi wa zamu ya usiku