Safari ya Kilwa, 27 hadi 29 Desemba

Ndugu wanakikundi, habari za jioni. Kama tulivyokubaliana, tutaondoka Mtwara asubuhi ya tarehe 27 Desemba na kurejea tarehe 29. Kwa kuwa wiki hiyo mabasi ya kuelekea Dar es Salaam hujaa watu waliokuja kula sikukuu nyumbani, naomba kila mmoja athibitishe mapema ili nikate tiketi za kushukia Nangurukuru, ambako tutachukua gari la kwenda Kilwa Masoko.

Siku ya pili ni ya Kilwa Kisiwani, na kwangu hicho ndicho kiini cha safari: tutauona Msikiti Mkuu na magofu ya Husuni Kubwa, yaliyomo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na ningependa sana watoto wetu wayatazame bila kuharakishwa. Kibali huchukuliwa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka. Msimu wa mvua utakuwa umeanza, hivyo tutavuka asubuhi na mapema, wala sitakubali mtu yeyote apande boti bila jaketi okozi, hata kama mvuko wenyewe ni mfupi. Vyumba nitavilipia mara nitakapopata idadi kamili.