Mechi za usiku za Marekani ziandikwe kwa saa zetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa huu nizungumzie jambo ambalo kwa wasomaji wengi litaonekana dogo, lakini sisi wachache tunaofuatilia kandanda ya Kimarekani limekwisha kutukosesha usingizi bure. Kila msimu, kuanzia Septemba, ukurasa wako wa michezo huchapa kisanduku cha mechi za NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huo, zinazochezwa usiku, zile zilizowekwa makusudi katika saa ambazo Wamarekani wengi wako nyumbani mbele ya televisheni. Kosa la kisanduku hicho ni kwamba saa hugeuzwa kuwa za kwetu, na siku huachwa kuwa ya kwao.

Mfano ninaoukumbuka vizuri ni wa mwanzoni mwa Januari 2023. Kisanduku kiliandika kwamba Buffalo Bills wangecheza na Cincinnati Bengals siku ya Jumatatu, saa kumi na nusu alfajiri. Jirani yangu, ambaye nilikuwa nimempa homa ya mchezo huu mwaka huohuo, alifanya kama ambavyo mtu yeyote wa pwani angefanya: alilala mapema Jumapili, akaamka usiku wa kuamkia Jumatatu, akafungua king'amuzi. Uwanjani aliwakuta Pittsburgh Steelers na Baltimore Ravens, watu wengine kabisa. Asubuhi alinitania kwamba amefanya daku mwezi usio wa Ramadhani, na usiku uliofuata, kwa kuwa alikwisha kuona kwamba gazeti halina uhakika, alilala fofofo.

Usiku huo aliolala ndio ulikuwa usiku wenyewe. Karibu saa kumi na moja alfajiri ya Jumanne kwa saa zetu, robo ya kwanza ikiwa haijaisha, beki wa Buffalo aitwaye Damar Hamlin alimkaba mpinzani, akasimama, akapiga hatua mbili, kisha akaanguka chali. Moyo ulikuwa umesimama. Nilikuwa sebuleni nimevaa spika za masikioni ili nisiamshe nyumba, na nakumbuka zaidi jinsi sauti za watangazaji zilivyokatika, wachezaji wa Buffalo wakapiga magoti kuwazunguka waganga waliokuwa wakimkandamiza kifua mwenzao. Mwadhini wa msikiti wetu alianza kuadhini, nami sikuwa na la kufanya zaidi ya kumuombea kijana nisiyemjua. Mdogo wangu, anayeishi Columbus katika jimbo la Ohio, alinitumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo kaka, uko macho? Unaona haya?" Mechi ilisimamishwa na haikurudiwa tena. Hamlin, kwa rehema za Mungu, alipona na msimu uliofuata akarudi uwanjani. Jirani yangu alizisikia habari hizo kwangu, saa tatu asubuhi, kwenye kahawa.

Lugha yetu, Mhariri, ina njia yake ya kuhesabu siku, tena ni ya zamani. Wazee walitulea tukijua kwamba siku huanza jua linapotua, na kwamba usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa yenyewe. Ndiyo maana waandishi wako, wanapoandika habari za ajali au wizi, husema "usiku wa kuamkia Jumatatu" na hakuna anayebabaika. Sioni kwa nini uangalifu huo usifike kwenye ukurasa wa michezo. Mechi ya Jumapili usiku huanza saa mbili na dakika 20 kwa saa za mashariki ya Marekani, ambayo kwetu ni saa tisa na dakika 20, usiku wa kuamkia Jumatatu. Ya Jumatatu kwa kawaida huanza saa mbili na robo, na sisi huwa tumeingia Jumanne. Ya Alhamisi hutufikia Ijumaa kabla ya adhana ya alfajiri, na inapomalizika mtu anaweza kuoga na kwenda zake kazini.

Hayo yote hudumu mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba tu. Siku hiyo Wamarekani hurudisha saa zao nyuma, wakati sisi tunaokaa karibu na ikweta hatuna sababu ya kuzigusa zetu, na tofauti kati yetu na miji kama New York au Cleveland huongezeka kutoka saa saba hadi saa nane. Mechi ya saa tisa na dakika 20 inakuwa ya saa kumi na dakika 20, na kipindi cha pili huchezwa watoto wakitafuta soksi za shule. Kisanduku chako hakijawahi kulitambua badiliko hili katika wiki yake ya kwanza.

Jambo la pili linahusu maelezo ambayo mwandishi wako aliyaweka chini ya kisanduku hicho hivi karibuni, kwamba mechi za usiku hupewa timu bora. Kwa heshima zote, sivyo. Hupewa timu zinazotazamwa, na wakati wa kupanga ratiba mwezi Mei hakuna anayejua ni ipi itakuwa bora ifikapo Desemba. Dallas Cowboys hawajatwaa ubingwa tangu msimu wa 1995, na bado hakuna msimu unaopita bila wao kuwekwa usiku mara kadhaa, kwa sababu anayewapenda huwatazama na anayewachukia huwatazama zaidi akitaraji washindwe. Mwaka 2023 New York Jets walirundikiwa mechi za usiku kwa ajili ya mtu mmoja, Aaron Rodgers, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi) mkongwe aliyetoka kuhamia kwao kutoka Green Bay Packers. Jumatatu ya kwanza ya msimu, tarehe 11 Septemba, mpira ulianzishwa mara nne tu Rodgers akiwa uwanjani kabla hajakatika kano ya kisigino. Jets walishinda usiku huo dhidi ya Buffalo, 22 kwa 16, katika muda wa nyongeza, lakini mechi nyingine walizokuwa wamepangiwa zilibaki pale pale kwenye ratiba kama karamu ambayo bwana harusi hakutokea.

Mfano wa upande wa pili ni New England Patriots. Timu hii ilitwaa mataji sita ikiwa na kwotabeki Tom Brady, na kwa miaka mingi ilikuwa kama mwenyeji wa mechi za usiku. Desemba 2023 walipangiwa kuwapokea Kansas City Chiefs siku ya Jumatatu, lakini walikuwa wakifungwa kila kukicha, na ligi ikawaondoa. Mechi yao ikapelekwa Jumapili mchana, na nafasi yao wakapewa Philadelphia Eagles na Seattle Seahawks, waliokuwa wacheze Jumapili. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mechi ya Jumatatu kubadilishwa namna hiyo. Seattle walishinda 20 kwa 17 kwa bao la dakika ya mwisho, kwa hiyo walioihamisha hawakujuta.

Uwezo huu wa kuhamisha mechi ndio unaokifanya kisanduku chako cha mwezi mzima kisiaminike kuanzia Novemba, hata saa zikisahihishwa. Kwa mechi za Jumapili umekuwapo tangu 2006. Kwa Jumatatu na Alhamisi uliongezwa 2023, na baadhi ya wenye timu, akiwamo John Mara wa New York Giants, walipinga hadharani kuihusisha Alhamisi, wakisema shabiki aliyekwisha kununua tiketi anasumbuliwa. Mimi nakubaliana nao. Mdogo wangu, ambaye mwanawe ni mpenzi wa Cleveland Browns (mtoto huyo ana subira ambayo baba yake hana), aliwahi kuomba ruhusa kazini miezi mitatu kabla, akanunua tiketi za familia, kisha mechi ikahamishwa siku na ruhusa haikuhamishika. Tiketi alimwachia mtu mwingine. Mtazamaji wa televisheni hapotezi kitu mechi inapohamishwa, na kwa kuwa fedha ya televisheni ndiyo kubwa, neno lake ndilo linalosikika.

Fedha hiyo ina historia ambayo ningependa mwandishi wako aieleze siku moja kwa nafasi ya kutosha. Sheria ya Marekani ya mwaka 1961 iliziruhusu timu kuuza haki za matangazo kwa pamoja, badala ya kila moja kwenda sokoni peke yake, na ligi ikaamua kugawana mapato ya kitaifa sawa kwa sawa. Leo timu ni 32, na Green Bay, mji wa watu laki moja na ushei ambao timu yake inamilikiwa na wanahisa wa kawaida, hupata fungu lilelile la televisheni wanalopata Dallas na New York. Bila mgao huo sidhani kama Packers wangekuwapo mpaka leo kuonekana usiku. Sheria hiyohiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kwa sehemu kubwa ya msimu hatuoni mechi za Ijumaa usiku wala Jumamosi: siku hizo ziliwekewa kinga kwa ajili ya timu za shule na vyuo, na ligi ya kulipwa ikalazimika kutafuta usiku mwingine.

Usiku uliopatikana ulikuwa wa Jumatatu. Tarehe 21 Septemba 1970 Cleveland Browns waliwafunga New York Jets 31 kwa 21 mbele ya kamera za kituo cha televisheni cha ABC, na tangu hapo mechi ya Jumatatu haijakosekana katika msimu wowote, ingawa mwaka 2006 ilihamia kituo cha ESPN. Jumapili usiku ilifuata mwaka 1987, na Alhamisi ikaanza kuzoeleka 2006, mpaka 2022 ilipochukuliwa na Amazon, ambako mtu hutazama kwa intaneti. Alhamisi, kwa maoni yangu, ndiyo mbovu kuliko zote, kwa kuwa wachezaji waliogongana Jumapili hupewa siku tatu tu za kupumzisha miili yao kabla ya kugongana tena, na uchovu wao huonekana hata kwa sisi tunaotazama kwa jicho moja.

Ninachoomba basi si nafasi zaidi wala picha za rangi. Kila mechi iandikwe kwa siku ya kwetu pamoja na saa ya kwetu, kwa mtindo uleule wa "usiku wa kuamkia". Kisanduku kitolewe kila wiki badala ya kila mwezi kuanzia Novemba, ili mechi zilizohamishwa zisichapwe kana kwamba hazijahama. Na katika toleo la Ijumaa inayotangulia Jumapili ya kwanza ya Novemba, liwekwe neno moja tu la kutukumbusha kwamba saa zao zitarudi nyuma. Jirani yangu amekubali kujaribu tena msimu huu, lakini amesema ataniuliza mimi kwanza kabla ya kutega saa, na ningependa kazi hiyo niirudishe kwenu.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Ngamiani, Tanga