Barua ya wazi kwa Rais wa Riadha Duniani: Bingwa akishashinda, mnamlipa afanye nini?

Kwa Mheshimiwa Sebastian Coe,
Rais wa Shirikisho la Riadha Duniani.

Mheshimiwa,

Tokyo, Septemba 15, 2025. Fainali ya wanaume ya kuruka kwa upondo ilikuwa imekwisha, kwa maana kwamba bingwa alishajulikana. Emmanouil Karalis wa Ugiriki aliishia mita 6.00 na medali ya fedha ikawa yake. Armand Duplantis wa Sweden akabaki peke yake na ufito, kile kijiti cha juu anachopaswa kukivuka bila kukiangusha, akaomba upandishwe hadi 6.30, sentimita moja juu ya rekodi yake ya dunia. Akakosa mara ya kwanza, akakosa ya pili, ya tatu akapita. Dhahabu aliyokwisha kuishinda ilikuwa na thamani ya dola 70,000. Ile sentimita moja aliyoongeza baada ya ushindi ikamletea dola 100,000 nyingine, bonasi ya rekodi ya dunia.

Yaani sentimita imelipwa kuliko ubingwa. Hilo ndilo lililonifanya nikuandikie.

Simlaumu Duplantis hata kidogo. Tangu aruke 6.17 Februari 2020 hadi hiyo 6.30, ameweka rekodi 14, na kila moja imeizidi iliyotangulia kwa sentimita moja kamili. Kabla yake Sergey Bubka alivunja rekodi mara 35, ukumbini na uwanja wa nje, na nyingi za mwishoni zilikuwa hivyo hivyo, sentimita kwa sentimita. Haba na haba, kibaba kinajaa. Ukimwambia mtu kwamba rekodi ni rekodi, iwe imepita ya zamani kwa sentimita 1 au kwa 5, na bahasha ni ile ile, angekuwa mjinga wa hesabu kama angetoa 5 kwa mkupuo.

Mkimbiaji hana nafasi hiyo. Usain Bolt alipotanua mikono kabla ya kufika mstarini Beijing mwaka 2008, akamaliza kwa sekunde 9.69, hakuna aliyeweza kupima alichokiacha njiani, hata yeye mwenyewe. Mwaka uliofuata kule Berlin akakimbia 9.58. Mruka upondo aliyebaki peke yake yeye humtajia mwamuzi tarakimu, na ufito unawekwa pale pale alipotaja. Ni mwanamichezo wa nadra anayeweza kujipangia mshahara kwa kipimo.

Kuna watakaosema kwamba 6.30 aliipata kwenye jaribio la mwisho, kwa hiyo hana sentimita za akiba. Sawa. Lakini mtu ambaye hajawahi kulipwa kwa zaidi ya sentimita moja amejizoeza kuitafuta hiyo moja, na mazoezi hufuata malipo.

Sasa niruhusu nikuguse wewe mwenyewe, Mheshimiwa, kwa heshima zote. Agosti 1981 rekodi ya maili ilibadilisha mikono mara tatu ndani ya siku 10: wewe Zürich, Mwingereza mwenzako na mpinzani wako Steve Ovett Koblenz, wewe tena Brussels. Zilikuwa siku tamu mno kwa wapenzi wa mbio. Ila katika mbio hizo tatu, ninyi wawili hamkusimama kwenye mstari mmoja hata mara moja. Bingwa asiyepigwa ana bei yake, na mkikutana, mmoja lazima ashuke bei. Miaka imepita, mambo ni yale yale. Nyota hulipwa na waandaaji kwa kujitokeza tu, kabla bunduki haijalia. Bingwa wa dunia naye ana nafasi ya moja kwa moja kwenye mashindano ya dunia yanayofuata. Kwa nini basi ajihatarishe katikati ya msimu dhidi ya kijana mwenye njaa?

Wengi husema pesa humlevya bingwa. Hutajiwa bondia Buster Douglas, aliyemwangusha Mike Tyson Februari 1990, kisha Oktoba mwaka huo huo akapanda ulingoni dhidi ya Evander Holyfield akiwa ameongezeka zaidi ya kilo 6. Aliangushwa raundi ya tatu, na pambano hilo lilimlipa zaidi ya dola milioni 20. Mfano ni mzuri, lakini naona unasimuliwa kwa upande mmoja. Maria Mutola wa Msumbiji alitwaa peke yake dola milioni 1 za Golden League, mfululizo wa mikutano mikubwa ya riadha wa wakati huo, mwaka 2003, na hakulala: mwaka 2004 na 2006 akawa tena bingwa wa dunia wa mita 800 za ndani.

Tofauti ninayoiona ni namna pesa zilivyofungwa. Ya Douglas ilikuwa yake akipanda tu ulingoni. Ile milioni ya Mutola ilidai ashinde mikutano yote ya mfululizo huo msimu ule, mbele ya yeyote atakayekuja. Mpaka mkutano wa mwisho hakuwa na senti ya fungu lile.

Ndiyo maana nimeyapenda mashindano yenu mapya ya Budapest ya Septemba 2026, yenye zawadi za jumla ya dola milioni 10, zikiwemo dola 150,000 kwa kila mshindi, kwa sababu yanawakutanisha mabingwa. Lakini mnayataka kila baada ya miaka miwili, na katikati hapo bingwa anaweza kujificha vizuri tu.

Ombi langu la kwanza: bonasi ya rekodi kwenye upondo ilipwe kwa sentimita, si kwa rekodi. Wekeni kikomo mkiogopa kufilisika. Kwa mbio na mikuki, wataalamu wenu watafute mizani yake. Si kazi ya siku moja, najua. La pili: sehemu ya zawadi ya ubingwa ibaki kwenu, itolewe kidogo kidogo kila bingwa anapokutana na wenzake wawili wa jukwaani katika msimu unaofuata. Ashinde au ashindwe, mradi wamekutana.

Nikuachie swali moja, Mheshimiwa, maana umekaa pande zote mbili za meza hii. Jioni ile ya Tokyo, kama kila sentimita juu ya 6.29 ingekuwa na bei yake, unadhani Duplantis angemtajia mwamuzi tarakimu gani?

Wako,
Mpenzi wa riadha