Mwanangu, kabla hujaingia lami na hiyo baiskeli

Mwanangu, marahaba. Shikamoo yako ya jana niliipata nusu, mtandao hapa Nakonde, mpakani upande wa Zambia, unakatakata, nikasikia tu "baba nimepata Phoenix" halafu kimya. Mama yako ndo akanimalizia kwa meseji, kwamba kauza yale magunia mawili ya mpunga aliyokuwa anasubiria bei ipande, na baiskeli imeshafungwa kariya na kengele, na Jumatatu unaanza nayo kidato cha kwanza. Nimefurahi sana mama. Nimefurahi halafu usiku usingizi haukuja.

Hii nakuandikia ndefu, soma taratibu, na mama yako msomee. Niko kwenye foleni ya kuvuka kuja Tunduma na gari haliendi kwahiyo muda ninao, na pia kuna jambo humu nikikaa mbele yako nitashindwa kulisema.

Shule yako ni kilomita 6 toka nyumbani, na kama 4 hivi ni barabara kuu, hii hii ya Dar kwenda Zambia ninayopita mimi. Toka Igawa mpaka Chimala mpaka Igurusi ni tambarare tupu, ndo maana watu wetu wote ni wa baiskeli, mtu anaenda nayo shamba, anapeleka nayo mpunga mashine, anampakia mgonjwa kwenda zahanati. Sasa hapohapo kwa sababu pamenyooka ndo sisi wa magari makubwa tunapafurahia, maana unakuwa umetoka kupanda Kitonga kwa gia ndogo, umetoka kwenye milima ya Iringa, ukifika huku kwetu Usangu unaona mbele kweupe unakanyaga. Yaani pale ambapo baiskeli ni nyingi ndo dereva anajiona yuko huru.

Mwezi wa 11 mwaka jana nilikuwa nakuja huku na mzigo, nimeshapita Makambako, saa 11 na kitu jioni. Ukija upande huu jioni jua unalifuata, linakupiga machoni, kioo kina vumbi, unaona mwanga tu. Pembeni kulikuwa na baba mmoja na baiskeli, kariya ina magunia mawili ya mkaa. Sikumuona. Nakwambia ukweli wa Mungu sikumuona, aliyemuona ni utingo akapiga kelele, nikavuta usukani kulia, na mbele kuna basi linakuja, nikashindwa kuvuta zaidi. Nikapita. Kwenye saidi mira nikaona baiskeli inayumba inaenda majanini. Mpaka gari lisimame tulikuwa tumeshaenda mbali, tukarudi kwa miguu tunakimbia. Tumemkuta amekaa chini, kiwiko kinatoka damu, gunia moja limepasuka mkaa umemwagika mtaroni. Gari halikumgusa hata kidogo. Ni upepo ndo ulimtupa. Hakunitukana, na mimi nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Aliniangalia tu akaniuliza "dereva, kwani mimi hapa nilikuwa nimejificha?"

Nikamlipa mkaa wake, tukamfunga kiwiko, tukamwinulia baiskeli. Ni mtu wa umri wa babu yako. Mama yako sijawahi kumwambia hili, ndo anasikia leo kwako.

Sasa swali lake nimelibeba mpaka leo na ndo nataka nikujibu wewe kwa kuwa yeye sikumjibu. Hakuwa amejificha. Alikuwa barabarani, upande wake wa kushoto kabisa, anaenda kwao. Aliyetakiwa kupunguza mwendo jua linapomziba macho ni mimi. Kwahiyo kote nitakapokwambia fanya hivi usifanye hivi, usije ukaelewa kwamba barabara ni ya kwetu na wewe umeazimwa. Nakwambia kwa sababu nakijua kiti cha dereva kilivyo, najua kinachoonekana pale juu na kisichoonekana, na wenzangu wengi hawatakwambia.

Anza na upepo. Semi, haya malori yetu ya tela, ikiwa inatembea kilomita 80 kwa saa, inasukuma hewa kwa mbele na kuivuta kwa nyuma, kwahiyo likikupita utasikia kwanza unasukumwa kwenda nje, halafu ghafla unavutwa kuingia ndani, kwenye matairi ya nyuma. Huo wa pili ndo mbaya kwa sababu mtu anakuwa ameshajiegemeza kupambana na ule wa kwanza. Ukisikia linakuja shika hendeli kwa mikono miwili, usikakamae, usipige breki, nyoosha tu, na uwe umeshaacha nafasi kati yako na ukingo wa lami. Usitembelee kwenye ukingo wenyewe mwanangu, pale kwetu lami imeliwa pembeni na chini pana shimo la kiganja kizima, tairi ya mbele ikishuka pale na ukataka kuirudisha kwa nguvu inakuangushia ndani barabarani. Ukishashuka shuka moja kwa moja, tulia kwenye changarawe, ndo upande tena ukiwa umesimama.

Halafu kuna suala la nafasi. Gari langu lina upana wa mita 2 na nusu na ushee, upande mmoja wa barabara yetu haufiki mita 4. Piga hesabu, wewe ni wa hesabu. Nikiwa nakupita na wakati huohuo kuna lori lingine linakuja, nafasi yako wewe haipo, labda unipite kwenye mbavu. Nimesoma kwenye simu kwamba Ujerumani toka 2020 sheria inamtaka dereva aache mita 1 na nusu akimpita mwenye baiskeli mjini na mita 2 nje ya mji, na Uingereza nao toka 2022 mwongozo wao unasema angalau mita 1 na nusu. Kwa barabara kama yetu maana yake ni moja tu, kama kuna gari linakuja mbele unakaa nyuma ya baiskeli unasubiri lipite, ndo unatoka unampita vizuri. Mimi toka mwezi wa 11 ndo nafanya hivyo. Nakaa nyuma. Walio nyuma yangu wanapiga honi wanawasha taa fulu, nawaacha wapige, ni sekunde kumi au ishirini tu na mzigo wa kwenda Lubumbashi siku nne hauharibiki kwa sekunde ishirini.

Ila wengi hawakai nyuma, na wewe hutajua nani anakaa na nani hakai. Kwahiyo ukiona mbele yako kuna gari kubwa linakuja na nyuma unasikia lingine, na unaona yatakutania hapohapo ulipo, shuka kwenye changarawe uyaache yapite. Inaniuma kukwambia hivyo kwa sababu wewe hujakosea chochote, lakini gari lililojaa linaweza kuwa na tani 56, likiwa kwenye 80 linakula mita 22 kwa kila sekunde, yaani dereva akishtuka, mpaka mguu ufike kwenye breki ameshakula urefu wa madarasa mawili na gari halijaanza hata kupunguza.

Honi sasa. Madereva tuna ugonjwa huu, tunapiga honi tukidhani kazi yetu imeisha, kana kwamba honi ni breki. Tunampigia mtoto honi nyuma ya kisogo, anashtuka, anageuka kuangalia kwa bega la kulia, na kichwa kikigeuka kulia mkono nao unavuta kulia, baiskeli inaingia katikati ya njia peke yake. Nimeona hivyo mara nyingi sana. Naomba kabla ya Jumatatu uende na kaka yako pale uwanja wa mpira, mtumie ule mstari wa chokaa wa pembeni, uendeshe juu yake huku unageuza kichwa kuangalia nyuma, yeye akae nyuma anyooshe vidole useme ni vingapi, mpaka uweze bila kutoka kwenye mstari. Hapo ndo utakuwa unajua baiskeli. Kuendesha umeachia mikono kama nilivyokuona likizo sio kujua baiskeli, na hilo naomba liishe.

Kushoto kwangu ndo kubaya kuliko kote, shika sana hapa. Sisi tunakaa kulia, kwahiyo ubavu wa kushoto wa gari, toka mlangoni kwa utingo kwenda nyuma, kuna eneo kubwa sioni kitu hata nikiangalia kioo, na chini kabisa mbele ya pua ya gari pia sioni, mtoto wa kimo chako akisimama pale na baiskeli yake mimi naona barabara tupu. Pale kwenye njia ya kuingilia mashine za mpunga malori yanakata kushoto kutwa nzima. Lori likitaka kukata kushoto linaanza kutanua kwenda kulia kwanza ili tela lipate kugeuka, na mtu wa baiskeli akiona limetanua kulia anadhani linaenda kulia, anaona uwazi kushoto anapenya. Hapo ndo linamfungia. Na tela halifuati pale kichwa kilipopita, linakata ndani zaidi, linapita hata juu ya mawe ya pembeni. Kwahiyo gari kubwa likiwa limesimama au linaenda taratibu karibu na njia ya kuingia, hata kama indiketa haiwaki, usipenye kushoto. Baki nyuma, tena nyuma ya kutosha uone vioo vyangu, kama huoni uso wangu kwenye kioo basi na mimi sikuoni.

Costa nazo zikisimama kituoni zinafanya hivyohivyo, zinakuchomekea kwa mbele kwa ajili ya abiria mmoja halafu zinatoka bila kuangalia. Na bodaboda anayekuja upande usio wake kwa pembeni, huyo utakutana naye kila siku, mpigie kengele mapema, usimkimbilie kulia kabla hujaangalia nyuma, ni heri usimame. Na wewe usije ukafanya kama yeye. Kushoto, uelekeo uleule wa magari, siku zote, hata kama shule ikiwa upande wa kulia na unaona ni karibu tu. Pa kuvukia, shuka, kokota baiskeli, vuka kwa miguu.

Asubuhi mtakuwa mnatoka saa 12 kasoro bado giza, na mwezi huu wa kwanza kuna mvua na ukungu. Sweta la shule ni bluu nzito, kwa dereva hiyo ni rangi ya usiku. Nimekununulia kizibao cha kung'aa kama cha mafundi barabara, utavaa juu ya sweta, wakikucheka wacha wacheke, taa za gari zikikigusa naona toka mbali sana. Nimepata na taa nyekundu ya nyuma ya betri pamoja na helmeti. Sketi ikunje uibane upande wa kulia usije ukaiingiza kwenye cheni, dada mmoja pale Igurusi alianguka hivyo katikati ya lami, bahati nzuri hakukuwa na gari. Breki zijaribu zote mbili kila asubuhi kabla hujapanda, mvua ikinyesha hizo breki za vyuma zinateleza, anza kukamata mapema. Simu na spika za masikioni acha nyumbani, masikio yako ndo vioo vyako. Na rafiki zako wakitaka mwende wawili wawili mnapiga stori, mfanye hivyo mkishaingia njia ya vumbi, kwenye lami mfuatane.

Vijana wanaoshika nyuma ya lori wavutwe usijaribu hata siku moja. Pale Burundi kwenye ile milima ya Bugarama wanaishi kwa kazi hiyo, nimewaona kwa macho, dereva hajui kama kuna mtu nyuma, akipiga breki huyo anaingia chini.

Sisi nasi tunakosea mengi, nisiyafiche. Kijijini kwetu kibao cha 50 kipo na madereva wote tunakijua, lakini tunachopunguzia mwendo ni tochi ya trafiki, kile kifaa chao cha kupimia mwendo. Tukikutana tunawashiana taa kuambiana mbele kuna tochi, unapunguza, ukishampita askari unakanyaga tena, na watoto wa shule wapo kilomita nzima baada ya askari. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo miaka mingi. Hakuna dereva hata mmoja aliyewahi kuniwashia taa kuniambia mbele kuna watoto na baiskeli. Nimeanza kulisema hilo kwa wenzangu hapa kwenye foleni, wawili wamenielewa, mmoja ameniambia nimezeeka. Huyo mmoja ana binti darasa la sita pale Ilula, nikamuuliza binti anaenda shule na nini, akanyamaza.

Jumapili nadhani nitakuwa nimefika hapo, nitapaki uwanja wa mnada asubuhi kabla hapajajaa. Uje na baiskeli yako. Nitakupandisha wewe kwenye kiti changu, ukae kabisa kama dereva, uangalie vioo vyote, halafu mimi nitapanda Phoenix yako nizunguke gari taratibu napiga kengele, na wewe kila nikipotea kwenye kioo unapiga honi. Tutachora chini na chokaa kila mahali nilipopotea. Mama yako mwambie asiwe na wasiwasi, gari litakuwa limezimwa na funguo ninayo mimi mfukoni.

Baba yako