Barua kwa mwanangu: kuhusu dawa yangu ya moyo

Mwanangu mpendwa,

Uliniuliza kwenye simu kwa nini nameza dawa ya kuzuia homoni ilhali naumwa moyo. Nilikujibu kwa mkato kwa kuwa palikuwa na watu.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotoa homoni iitwayo aldosteroni, inayoziamuru figo zibakize chumvi na maji na kutoa potasiamu. Ikizidi, presha hupanda, na moyo nao huota makovu madogo hadi ukakakamaa, ukashindwa kutanuka kupokea damu. Uzee huifanya mishipa iathirike zaidi na homoni hii. Unene nao huongeza, maana mafuta ya mwili hutoa homoni nyingine iitwayo leptini, nayo huichochea tezi ile itoe aldosteroni zaidi. Mimi nina yote mawili.

Unakumbuka uliponibonyeza mguu kwa kidole gumba, shimo likabaki? Yalikuwa maji hayo. Usiku nilikuwa nalalia mito mitatu ndipo nipate pumzi.

Nilianza na spironolaktoni. Hukalia kipokezi cha homoni, aldosteroni ikifika ikute nafasi imeshikwa. Kwa wagonjwa ambao moyo umedhoofika kusukuma damu, utafiti wa RALES wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba ilipunguza vifo kwa asilimia 30. Moyo wangu unasukuma vizuri, tatizo ni kukakamaa, na kwa wa aina yangu ushahidi haukuwa na nguvu hivyo.

Sasa lile nililokuficha. Matiti yalianza kuniuma na kuvimba. Niliona haya, mwanangu, mwanamume mzima! Nikanyamaza miezi miwili, na siku nyingine nikauacha ule mdonge mezani. Nilipomwambia daktari hakushangaa hata kidogo: dawa hiyo huzuia pia homoni za kiume. Akanibadilishia finerenoni, inayozuia aldosteroni vilevile lakini isiyozigusa hizo, ambayo mwaka 2024 ilionyesha kupunguza matukio ya moyo kuzidiwa kwa watu wenye moyo kama wangu. Maumivu yameisha.

Hatari iliyobaki ni potasiamu kupanda, kwani ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Kwa hiyo napimwa damu, na ile chumvi mbadala uliyoniletea nimeiweka kando, maana imejaa potasiamu. Najua uliileta kwa mapenzi.

Jumatano narudi kupima. Njoo unisindikize, nawe upimwe presha. Tumbo lako limeanza kufanana na langu la ujanani.

Baba yako